Sailensi ya juu ya injini

Sailensi ya juu ni hali ya injini ya gari kuzunguka haraka kuliko inavyotakiwa wakati gia iko huru na dereva hajakanyaga pedali ya mafuta. Neno sailensi hutumiwa na mafundi wa Tanzania kwa maana ya mzunguko wa polepole wa injini iliyowashwa lakini haivuti mzigo wowote. Lisichanganywe na sailensa, yaani chombo cha kupunguza kelele kilichopo kwenye bomba la moshi.

Hitilafu hii huonekana sana katika malori na pikapu za zamani, ambamo kebo, springi, mipira na gasketi zimechakaa kwa joto, vumbi na umri. Dawa ya haraka inayotumiwa na wengi ni kuzungusha skrubu ya sailensi hadi mlio utulie. Mara nyingi dawa hiyo hutuliza dalili na kuuacha ugonjwa. Karibu kila mara injini ya petroli inayokwenda kasi bila kuombwa inapata hewa ya ziada, na injini ya dizeli inapata mafuta ya ziada. Kutambua chanzo cha sailensi ya juu ni kazi ya kutafuta ziada hiyo inapitia wapi.

Kipimo cha kawaida

Kila injini ina kipimo chake. Huandikwa katika kitabu cha gari na mara nyingi pia kwenye kibandiko chini ya boneti. Injini nyingi za petroli za pikapu na malori madogo huzunguka kati ya mara 650 na 850 kwa dakika zikiwa zimepata moto. Dizeli kubwa za malori mazito huenda polepole zaidi, kwa kawaida kati ya mara 500 na 700.

Injini ikiwa baridi inaruhusiwa kwenda kasi zaidi. Asubuhi injini ya petroli inaweza kuzunguka mara 1,200 hadi 1,800 kwa dakika, kisha ikashuka yenyewe kadiri inavyopata moto. Hiyo siyo hitilafu. Sailensi huhesabiwa kuwa ya juu pale injini imeshafikia joto lake la kazi na bado haishuki.

Kabla ya kuilaumu injini ni vema kuhakikisha kwamba kipimo chenyewe kinasema kweli. Magari mengi ya zamani yamebadilishiwa injini au dashibodi. Katika injini ya petroli ya mipigo minne, silinda nne hutoa cheche mbili kwa kila mzunguko, na silinda sita hutoa cheche tatu. Geji ya mizunguko iliyotengenezwa kwa silinda nne ikifungwa kwenye injini ya silinda sita itaonyesha mara moja na nusu ya ukweli: injini inayozunguka mara 700 itasomeka 1,050. Fundi anayeamini geji hiyo ataanza kutafuta ugonjwa usiokuwepo.

Madhara

Sailensi ya juu hula mafuta bure na huongeza joto gari linaposimama kwenye foleni. Kuingiza gia ya kwanza au ya nyuma huwa kwa mkwaruzo, kwa sababu meno ya giaboksi bado yanazunguka haraka. Gari la gia otomatiki huruka mbele pale dereva anapoweka gia, na hilo ni hatari panapokuwa na watu karibu.

Hatari kubwa zaidi iko kwenye miteremko. Dereva wa lori anayeshuka mlima mrefu kama Kitonga mkoani Iringa huweka gia ndogo ili injini imsaidie kulizuia gari. Injini inayotaka kuzunguka mara 1,300 kwa dakika haizuii gari chini ya kasi hiyo. Badala yake hulisukuma. Kazi yote hubaki kwa breki. Breki zinazokanyagwa kwa muda mrefu hupata moto, na breki zenye moto mwingi hupoteza nguvu.

Zaidi ya hayo, sailensi ya juu inaweza kuwa dalili ya busta ya breki iliyopasuka, kama itakavyoelezwa hapa chini. Anayeishusha kwa skrubu tu anaweza kuondoa onyo pekee alilopewa.

Kanuni ya msingi

Katika injini ya petroli dereva hutawala hewa. Pedali ya mafuta imeunganishwa na kilango cha hewa, yaani bamba la duara lililopo ndani ya kabureta au kwenye mlango wa manifoldi ya hewa. Pedali ikiachwa, bamba karibu lifunge kabisa, na injini hupumua kupitia tundu dogo tu. Pistoni zinaendelea kuvuta, hivyo ndani ya manifoldi hutokea ombwe ambalo mafundi huliita vakyumu. Ombwe hilo ni kubwa: katika injini nzima iliyo kwenye sailensi huwa takriban kilopaskali 57 hadi 74 chini ya shinikizo la hewa ya nje, penye usawa wa bahari. Ufa wowote ulio nyuma ya kilango hunyonya hewa mchana kutwa.

Katika dizeli nyingi za zamani hakuna kilango cha hewa. Hewa huingia bila kizuizi, na kasi hutawaliwa na kiasi cha mafuta ambacho pampu inapeleka kwenye nozeli. Dizeli iliyoachwa bila msimamizi ingeongeza kasi hadi kujivunja. Kwa hiyo pampu ina gavana, kifaa kinachopunguza mafuta mzunguko unapozidi na kuyaongeza unapopungua. Wazo hilo ni la zamani: James Watt alitumia gavana ya vitufe vinavyozunguka kwenye injini ya mvuke mwaka 1788. Gavana za pampu nyingi za dizeli hufanya kazi kwa kanuni ileile, vipande vya chuma vinavyotanuka kwa mzunguko vikishindana na springi.

Tofauti hii ndiyo inayoamua mahali pa kuanzia. Kutafuta ufa wa manifoldi kwenye dizeli ya kawaida ni kupoteza siku. Kufungua pampu ya mafuta ya injini ya petroli kwa sababu ya sailensi ni hivyohivyo.

Ukaguzi wa kwanza

Kwa injini za aina zote mbili, ukaguzi huanza na vitu vinavyoonekana kwa macho. Gari liwekwe mahali tambarare, gia iwe huru, breki ya mkono ivutwe na magurudumu yawekewe vigingi.

Kwanza ni pedali. Zulia lililojikunja, matope yaliyokauka au pedali iliyopinda vinaweza kuizuia isirudi. Injini ikiwa imezimwa, msaidizi akanyage pedali na kuiachia huku fundi akiangalia upande wa injini. Mkono wa kilango au wa pampu lazima urudi mpaka ugonge kituo chake. Usiporudi, kebo ing'olewe upande wa injini na mkono usukumwe kwa kidole. Ukirudi vizuri bila kebo, ubaya uko kwenye kebo au pedali. Usiporudi, ubaya uko kwenye springi au kwenye ekseli ya mkono wenyewe.

Kebo ya zamani hushika kutu ndani ya ala yake, au nyuzi zake hukatika moja moja na kukwama. Pia hubana pale injini inapolala kwa sababu mipira yake ya kuikalia imechoka: injini inasogea, kebo inavutika. Kebo iliyofungwa vizuri huwa na ulegevu kidogo pedali ikiwa imeachwa.

Pikapu na malori mengi ya dizeli yana pia kebo ya mkono kwenye dashibodi ya kupandishia sailensi. Hiyo nayo ing'olewe wakati wa kupima, kwa kuwa mara nyingi imeganda ikiwa nusu imevutwa na hakuna anayeikumbuka.

Injini za petroli

Hewa inayopenya pembeni

Ikiwa kilango kinafunga na injini bado inakimbia, hewa inaingia kwingine. Kuna jaribio rahisi: punguza skrubu ya sailensi hadi kilango kifunge kabisa. Injini nzima itazimika au itakaribia kuzimika. Ikiendelea kwenda vizuri, ina mlango mwingine wa hewa. Idadi ya mizunguko ya skrubu ihesabiwe na kuandikwa ili irudishwe ilipokuwa.

Milango hiyo huwa ni michache na inajulikana:

1. Mipira ya ombwe iliyopasuka au kuchomoka, hasa sehemu inapopinda na inapoingia kwenye chuma.
2. Gasketi chini ya kabureta, au kipande cha kuzuia joto kilicho kati ya kabureta na manifoldi.
3. Gasketi ya manifoldi kwenye kichwa cha injini.
4. Ekseli ya kilango iliyolegea kwenye matundu yake. Katika barabara za vumbi huu ni ugonjwa wa kawaida wa kabureta. Ekseli ikitikiswa kwa kidole husogea juu na chini.
5. Vali inayofyonza mvuke wa oili kutoka tumbo la injini, ikiwa imekwama wazi.
6. Vifaa vya kupandisha sailensi kwa ajili ya kiyoyozi au usukani wa pawa.
7. Busta ya breki na mpira wake.

Njia nyepesi ya kutafuta ni kubana mpira mmoja mmoja kwa plaizi iliyofunikwa kitambaa. Mpira ambao ukibanwa sailensi inashuka sana ndio unaopeleka hewa, na fundi aufuate hadi mwisho wake. Mpira wa mvuke wa oili ukibanwa sailensi hushuka kidogo hata katika injini nzima. Viungo vya gasketi hukaguliwa kwa kunyunyizia maji kidogo: maji yakifika penye ufa, mlio hubadilika kwa muda mfupi. Kunyunyizia petroli, ingawa hufanyika katika karakana nyingi, ni hatari ya moto na hakuna sababu ya kufanya hivyo.

Busta ya breki ipimwe peke yake. Injini ikiwa imezimwa, pedali ya breki ikanyagwe mara tano au sita, kisha ishikiliwe chini na injini iwashwe. Pedali inapaswa kushuka kidogo. Isiposhuka, au sailensi ikibadilika sana na kusikika sauti ya hewa kila breki inapokanyagwa, huenda kiwambo cha busta kimepasuka au mpira wake unavujisha. Gari hilo lisitumike kubeba mzigo hadi litengenezwe.

Anayetumia geji ya ombwe akumbuke mwinuko wa mahali. Shinikizo la hewa hupungua kadiri mtu anavyopanda, kwa takriban kilopaskali 11 kwa kila mita 1,000 za mwanzo. Nairobi iko takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, hivyo injini iliyosoma kilopaskali 65 Mombasa itasoma karibu 45 Nairobi bila kuwa na ugonjwa wowote.

Injini inayodhani bado ni baridi

Kabureta nyingi zina choki na kamu ndogo inayokiweka kilango wazi kidogo wakati wa baridi. Choki ya mkono husahaulika au hukwama. Choki ya otomatiki hutegemea maji ya moto, moshi au umeme ili ifunguke. Injini zenye mfumo wa umeme wa kunyunyiza petroli huwa na vali ya hewa inayofungwa na joto la maji.

Vifaa hivi vyote hutii joto, si saa. Maji ya rejeta yakipungua na hewa ikakwama juu ya injini, kifaa hakipati moto na sailensi hubaki juu hata kama injini yenyewe inachemka. Kwa hiyo kiasi cha maji kiangaliwe mapema, injini ikiwa imepoa.

Sababu nyingine ya aina hii huletwa na mafundi wenyewe. Katika nchi za joto wengi huondoa themostati kwa kuamini kwamba gari halitachemka. Themostati nyingi hufunguka kwenye nyuzi 82 hivi za Selsiasi au zaidi. Ikiondolewa, gari linalotembea asubuhi kwenye nyanda za juu linaweza lisifikie joto hilo kabisa, na vifaa vya baridi vikabaki vimefunguka. Dawa ni kurudisha themostati.

Taimingi na sensa

Cheche ikitolewa mapema kuliko inavyopaswa, mzunguko hupanda bila hewa kuongezeka. Kwa sababu hiyo taimingi hupimwa kabla ya kugusa skrubu ya sailensi. Katika distribyuta yenye kiwambo cha ombwe, utaratibu wa kawaida ni kuchomoa mpira wake na kuuziba wakati wa kupima, kama kitabu cha gari kinavyoelekeza.

Katika pikapu za miaka ya 1980 na 1990 zenye kompyuta, sensa ya joto la maji ni ya kushukiwa mapema. Upinzani wake hupungua inapopata moto. Katika injini nyingi za Toyota za kipindi hicho huwa omu 2,000 hadi 3,000 kwenye nyuzi 20, na omu 200 hadi 400 kwenye nyuzi 80. Sensa inayoonyesha omu 2,500 wakati injini ina moto inaiambia kompyuta kwamba ni baridi, na kompyuta hutii.

Mlio nao hueleza jambo. Sailensi ya juu iliyo laini humaanisha kwamba hewa na mafuta vinaongezeka kwa pamoja: kilango kimeachwa wazi, au vifaa vya baridi havijafunga. Sailensi ya juu yenye kutetemeka na kukosa mipigo huashiria hewa inayopenya bila mafuta ya kuilinganisha. Sailensi inayopanda na kushuka kwa mawimbi hutokea pale kompyuta inapoona pedali imeachwa lakini mzunguko ni mkubwa; hukata mafuta, mzunguko ukashuka, ikayarudisha, ukapanda tena.

Injini za dizeli

Baada ya kebo na mkono wa pampu kukaguliwa, jambo la pili ni kifaa cha baridi. Pampu nyingi za mzunguko za aina ya VE, zilizobuniwa na Bosch na kutengenezwa pia Japani, zinaweza kuwa na kifaa chenye nta kinachopitiwa na maji ya injini. Nta ikipata moto hutanuka na kuuachia mkono wa pampu ushuke. Mipira yake ya maji ikiziba kwa kutu, au nta ikichoka, mkono hubaki umesukumwa. Fundi hulitambua hilo kwa kuangalia, injini ikiwa na moto, kama kuna nafasi kati ya mkono wa pampu na kisukumio cha kifaa hicho.

Baadhi ya dizeli za zamani, zikiwemo za Toyota Land Cruiser za miaka ya 1970 na 1980, hazifuati kanuni ya kawaida. Zina kilango kwenye njia ya hewa na gavana inayotumia ombwe. Ombwe huvuta kiwambo kilichoko nyuma ya pampu na kupunguza mafuta. Kiwambo hicho cha ngozi au mpira kikipasuka, au mpira wake wa ombwe ukichomoka, springi husukuma mafuta yaongezeke na injini hukimbia. Kwenye injini hizi mpira mdogo uliopasuka ni jambo la haraka.

Ndani ya pampu yenyewe kunaweza kuwa na springi iliyovunjika au kipande kilichokwama kwa maji na uchafu wa mafuta. Kazi hiyo ni ya fundi wa pampu mwenye mashine ya kupimia. Skrubu ya kasi ya juu kabisa, ambayo hufungwa kwa waya na lakiri kiwandani, haihusiani na sailensi na isiguswe.

Kuna hali moja ambayo si sailensi ya juu tu. Dizeli inaweza kuanza kuchoma oili yake yenyewe, kwa mfano turbo ikivujisha oili kwenye njia ya hewa. Hapo gavana haina mamlaka, na kufunga swichi hakusaidii. Dalili ni mzunguko unaopanda bila kukoma na moshi mwingi, mara nyingi wa buluu au mweupe. Injini huzimwa kwa kuinyima hewa: njia ya hewa izibwe kwa ubao imara, kamwe si kwa mkono wala kitambaa. Gari la gia za mkono linaweza pia kuzimwa kwa kuweka gia kubwa, kukanyaga breki kwa nguvu zote na kuachia klachi. Asiyeweza kufanya hivyo kwa usalama akae mbali na injini.

Skrubu ya sailensi

Skrubu ya sailensi iliwekwa kwa ajili ya marekebisho madogo ya mwisho. Hurekebishwa injini ikiwa na moto, chujio la hewa likiwa limefungwa na si chafu, taimingi ikiwa sahihi, na taa, feni na kiyoyozi vikiwa vimezimwa. Katika kabureta huenda pamoja na skrubu ya mchanganyiko, kwa kuwa kugusa moja huathiri nyingine.

Skrubu ikitumiwa kuficha ufa, gari hutulia kwa wiki chache. Kisha mpira hupasuka zaidi na sailensi hupanda tena. Au mwenye gari hubadilisha mpira huo bila kujua habari za skrubu, na injini huanza kuzimika kila anaposimama. Fundi wa pili hupandisha skrubu, wa tatu huishusha, na baada ya miaka hakuna kipimo kilichobaki mahali pake. Kwa sababu hiyo, lori la zamani likiletwa na sailensi ya juu, ni vema kuuliza kwanza ni nani aliyeligusa mara ya mwisho na aligusa nini.